Tulitunze Kombe la Bega
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniomba nichague katika kazi yangu ya tiba ya viungo jambo ambalo kila mmoja anaweza kwenda kulifanya nyumbani. Nimechagua kombe la bega, yaani ule mfupa mpana wa pembe tatu ulioko mgongoni, nyuma ya bega.

Mfupa huu umeungana na mifupa ya kiwiliwili kwa njia ya mtulinga tu. Kwingine kote umeshikwa na misuli. Ukiinua mkono hadi juu kabisa, nyuzi 180, kadiri ya 120 hutoka kwenye kiungo cha bega, na kadiri ya 60 hutokana na kombe kuzunguka juu ya mbavu. Daktari Inman na wenzake wa Marekani waliueleza uwiano huo mwaka 1944. Misuli ikilegea, kombe haliendi sawasawa, na kano za juu ya bega huweza kubanwa na kuuma.

Tutazame huku kwetu. Yuko fundi rangi wa Tandika, mkono juu kutwa. Yuko mama wa Mbagala na ndoo yake ya lita 20. Yuko fundi cherehani wa Mwananyamala aliyeinama tangu asubuhi, na wewe mwanafunzi unayejikunja juu ya daftari au simu. Bega likiuma hununua vidonge, huchua mafuta, huendelea. Lakini fundi asiyeweza kuinua mkono hana kibarua, na nyumbani wanasubiri unga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa mazoezi yenyewe. Hayahitaji hata senti.

La kwanza, kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa mabega, viwiko vimenyooka. Acha kifua kizame kidogo hadi makombe yakaribiane. Kisha sukuma ukuta hadi mgongo wa juu utune. Viwiko visikunjwe. Ukizoea, tumia ukingo wa meza imara, baadaye sakafu ukiwa umepiga magoti.

La pili, kuvuta mpira. Chukua mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, upitishe kwenye nondo za dirisha. Vuta viwiko nyuma karibu na mbavu, kaza makombe, hesabu hadi tano, rudisha polepole. Mabega yasipande masikioni.

La tatu, kulala kifudifudi mkekani. Nyosha mikono pembeni kama msalaba, vidole gumba juu. Inua mikono kidogo tu, hesabu hadi tatu, shusha.

La nne, kupandisha mikono. Egemeza mikono ukutani tangu kiwiko hadi kiganja, iteleze juu taratibu, kisha ishushe.

Kila zoezi fanya mara 10, pumzika, rudia mara mbili, siku tatu au nne kwa juma. Usitazamie nafuu kwa siku mbili; wape misuli wiki sita hadi kumi na mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

Vijana, msilifanye zoezi kuwa mashindano. Sote twamheshimu John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki mwaka 1968 kule Mexico City, akaumia goti na bega, na bado akamaliza mbio. Ile ilikuwa siku moja, kwa ajili ya taifa. Nyumbani, misuli ikichoka ni sawa. Maumivu makali yakija, acha.

Yako pia mambo yasiyongoja mazoezi: bega lililoumia kwa kuanguka likashindwa kuinuka, kombe lililotokeza ghafla kama bawa, mkono uliokufa ganzi. Nenda Temeke, Mwananyamala au hospitali iliyo karibu. Na bega au mkono ukiuma pamoja na kifua kubana na jasho kutoka, huenda ni moyo: wahi hospitali saa ile ile.

Ndugu Mwenyekiti, ukuta kila mtu anao. Naomba jioni hii kila mmoja wetu ausukume mara kumi, na amfundishe jirani yake.