Mwendo wa Mtoto: Mhadhara juu ya Shule Ndogo ya Tomoe



Desturi ya mhadhara kama huu ni kwamba mtu aliyekabidhiwa kiti cha elimu aeleze, mbele ya kaumu iliyomkabidhi, ni jambo gani analoliona kuwa asili ya kazi yake. Nami, baada ya kutafakari juu ya sera na mitaala ambayo pengine mlitarajia niizungumze, nimeona ni bora niiweke kando kwa muda, niwaongoze kwenye shule moja ya msingi iliyokuwa na watoto wapatao 50 tu, iliyofunguliwa mwaka 1937 katika kitongoji cha Jiyugaoka mjini Tokyo, ikateketezwa kwa mabomu ya ndege mwaka 1945, na ambayo, ijapokuwa umri wake haukutimia miaka kumi, ina mengi ya kutufundisha juu ya mwalimu na mtoto kuliko majumba mengi ya elimu yaliyosimama karne nzima.

Shule hiyo iliitwa Tomoe Gakuen. Mwasisi wake alikuwa Sosaku Kobayashi, mzaliwa wa mwaka 1893, mwalimu wa muziki ambaye katika miaka ya 1920 alisafiri hadi Ulaya akasoma Paris mbinu za Émile Jaques-Dalcroze, bingwa wa Uswisi aliyeshika kwamba muziki haufai kumwingia mtoto kwa macho yanayosoma alama karatasini kabla haujamwingia kwa miguu inayotembea, mikono inayopunga na pumzi inayopanda na kushuka. Mtu aliyekwisha kuamini hivyo juu ya muziki hawezi kuamini vingine juu ya hesabu au elimu ya mimea, na Kobayashi aliporudi kwao alijenga shule iliyofuata imani hiyo katika kila jambo. Madarasa yake yalikuwa mabehewa ya gari la moshi yaliyokwisha kazi, maktaba yake nayo ilikuwa behewa, na nguzo za lango lake zilikuwa miti miwili hai, yenye mizizi ardhini na majani matawini.

Mengi tunayoyajua juu ya Tomoe tumeyapata katika kumbukumbu za mwanafunzi wake mmoja, Tetsuko Kuroyanagi, aliyezaliwa mwaka 1933, akafukuzwa darasa la kwanza katika shule aliyoanzia kwa kuwa walimu wake hawakuyaweza maswali yake wala kutotulia kwake, kisha akakua akawa mtangazaji na mwigizaji mashuhuri. Kitabu chake juu ya shule hiyo, kilichotoka mwaka 1981, kimeuzwa nchini Japani peke yake zaidi ya nakala milioni 8. Mwanamke huyo alipofanywa balozi mwema wa UNICEF mwaka 1984, safari yake ya kwanza katika wadhifa huo aliifanya Tanzania, kwa hiyo mtoto wa Tomoe amekwisha kukanyaga udongo wetu na kuwashika mkono watoto wetu, ingawa ni wachache miongoni mwetu waliouliza alikotoka.

Siku alipopelekwa Tomoe, mwalimu mkuu alimwomba mama mtu arudi nyumbani, akavuta kiti akaketi mbele ya mtoto, akamwambia aseme lolote alitakalo. Na mtoto yule akasema, kwa muda wa saa nne, mpaka maneno yakamwishia, na mzee yule hakupiga mwayo wala hakuonyesha kuchoshwa. Nimekutana na walimu wanaoisimulia habari hii kama kisa cha upole. Kwangu mimi ni kisa cha kazi. Kobayashi alikuwa akitahini, ila mtihani wake uliwekwa ili mwalimu ajue, ilhali mitihani yetu mingi huwekwa ili mtoto ahukumiwe.

Baada ya hayo huja jambo ambalo ndilo kiini cha mhadhara wangu. Asubuhi, watoto walipokwisha kukaa, mwalimu aliandika ubaoni mambo yote yaliyopasa kufanywa siku hiyo katika masomo yote, kisha akawaachia waanze na lolote walipendalo. Hivyo mmoja aliandika insha hali jirani yake anapiga hesabu, na nyuma yao mwingine amewasha taa ya spiriti anatazama maji yanavyochemka, na aliyekwama alimwendea mwalimu, au mwalimu akamwendea yeye, wakakaa pamoja mpaka jambo likaeleweka. Naomba tusimame hapa, kwa kuwa wengi wanaozisifu shule za namna hii, na wengi wanaozilaumu, hupita hapa kwa haraka. Orodha ilikuwa ya mwalimu, na mpangilio ulikuwa wa mtoto. Hakuna aliyesamehewa hesabu kwa sababu anapenda kuchora, wala aliyeachwa azurure bustanini hadi jua litue akaitwa huru; ila kila mmoja alipewa ruhusa ya kuikabili hesabu kwa wakati aliouchagua na kwa mwendo ambao akili yake iliuweza, ikiwa ni polepole basi polepole, ikiwa ni hima basi hima, bila kuvutwa na aliye mbele wala kuzuiwa na aliye nyuma.

Faida ya mpango huo kwa mtoto ni dhahiri. Faida yake kwa mwalimu imefichika, nayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Mwalimu aliyewatazama watoto hao kwa majuma machache alikwisha kujua ni nani hukimbilia hesabu kila asubuhi na nani huiahirisha hadi dakika za mwisho, nani hufikiri kwa mikono na nani kwa maneno, nani amenyamaza kwa kuwa ameelewa na nani amenyamaza kwa kuwa amekata tamaa. Darasa ambalo wote hufungua ukurasa mmoja kwa mlio wa kengele moja humnyima mwalimu maarifa hayo, hata awe mwema wa namna gani, kwa sababu kila mtoto ameagizwa kuficha mwendo wake nyuma ya mwendo wa wenziwe. Uhuru wa mtoto wa Tomoe, basi, ulikuwa ala ya kazi mkononi mwa mwalimu. Na anayeuondoa kwa kisingizio cha nidhamu hajamkomesha mtoto, amempofusha mwalimu.

Wala msidhani kwamba hili ni jambo geni lililoletwa na mawimbi kutoka Mashariki ya Mbali. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, Lamu, Mombasa, Unguja, Bagamoyo na kwingineko, tangu enzi na enzi kila mtoto alikuwa na mahali pake katika safari ya kusoma. Huyu yumo katika alifu na irabu zake, yule yumo katika juzuu ya Amma, mwingine anakaribia kuhitimu, na wote wameketi juu ya mkeka mmoja, kila mtu na sauti yake, hadi ifike zamu ya kila mmoja kusoma mbele ya mwalimu, ambaye katika ghasia ile yote ya sauti alisikia ulimi ulioteleza akausahihisha kwa jina. Hapana aliyesongezwa mbele kwa kuwa mwaka umekwisha, wala aliyezuiliwa kwa kuwa wenzake hawajafika. Aliyemaliza alimaliza, na waliotangulia waliwafundisha waliofuata. Bakora ya chuo siitetei, na kukariri bila ruhusa ya kuuliza naona ni kasoro kubwa. Lakini juu ya hili moja la mwendo wa mtoto, wazee wetu walikuwa na maarifa ambayo shule za serikali, zilipokuja na vidato vyake na kengele zake, ziliyapita bila ya kuyatazama, na sisi wasomi tumeyapita vilevile.

Suala la maumbile nalo linataka tafakuri. Watoto wa Tomoe waliomaliza kazi zao za asubuhi walitoka na mwalimu baada ya chakula wakatembea hadi hekalu la Kuhonbutsu, na njiani wakasimama penye maua ya jamii ya haradali, mwalimu akawaonyesha sehemu ya kiume na sehemu ya kike ya ua, na kazi ya kipepeo baina yao. Wao walidhani wanatembea tu. Siku nyingine mkulima aliletwa, akatambulishwa kwao kuwa ndiye mwalimu wao wa shamba, akawafundisha kupalilia na kupanda, na kila alipotaja mdudu au gugu au hali ya hewa alisikilizwa kwa staha ileile aliyosikilizwa mwalimu wa darasani. Nasi tunalo shamba la shule, tulilolipata kwa hoja nzito ya Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, waraka ambao nauheshimu hadi leo. Lakini ni shule ngapi ambamo mtoto hupelekwa shambani kwa sababu amechelewa namba, akalima kama mfungwa, asiambiwe jina la gugu aling'oalo? Jembe likishakuwa adhabu haliwezi tena kuwa kitabu.

Na mtoto wa pwani huja shuleni akijua bamvua na maji mafu, akijua upepo wa kusi unapoanza na kaskazi inapoingia, akijua ni wapi kati ya mikoko kaa hujificha na ni lini chaza huokotwa, kisha hukaa miaka mingi bila kuulizwa hata neno moja juu ya hayo, mpaka akasadiki kwamba ayajuayo si elimu. Hasara hiyo haina mahali pa kuandikwa katika takwimu zetu.

Nisieleweke vibaya juu ya kusomea chini ya miti. Tunaposikia habari kwamba watoto wa kijiji fulani wanasomea chini ya mwembe kwa kukosa darasa, tunaona haya, na ni haki tuone haya. Mtoto asiye na paa amenyimwa haki yake, na asitokee mtu wa chuo kikuu akamwambia kwamba kivuli cha mti ni falsafa. Vilevile siridhiki na shule zinazopanda majani mabichi uani, zikafuga sungura wawili, zikatoza ada ambayo mshahara wa mwalimu wao wenyewe hauwezi kuilipa, kisha zikajiita za maumbile. Mabehewa ya Tomoe yalitumika kwa kuwa yalipatikana. Lililokuwa adimu pale ni mzee aliyeketi akasikiliza.

Ukamilifu wa mpango wake ulionekana hata penye chakula. Kobayashi aliwaomba wazazi kwamba katika chakula cha mchana cha mtoto pawe na kitu cha baharini na kitu cha nchi kavu, basi, bila ya kutaja bei wala anasa. Na saa ya kula ilipofika, yeye na mkewe walizunguka na sufuria mbili, mtoto aliyekosa cha bahari akatiliwa cha bahari, aliyekosa cha bara akatiliwa cha bara, na maskini na mwenye nacho wakala pasipo kutazamana. Katika mashindano ya michezo palikuwa na mtoto mmoja ambaye mwili wake ulikoma kukua. Mwalimu mkuu akayabuni mashindano ambayo umbo lile liliyafaa, na mtoto yule akashinda karibu yote, zawadi zikiwa mboga za kupeleka nyumbani kwa chakula cha usiku. Hapakuwa na hotuba juu ya usawa.

Na yote haya yalitendeka katika zama za ukali. Mwaka 1941 shule za msingi za Japani zilifanywa shule za taifa za kulea raia watiifu kwa dola na vita, na katika hali hiyo mzee yule aliendelea kimya kimya, akikataa kuitangaza shule yake. Ilipoungua, kwa masimulizi ya mwanafunzi wake, aliutazama moto akamwuliza mwanawe ni shule ya namna gani watakayoijenga baadaye. Alifungua shule ya watoto wadogo mahali palepale baada ya vita, akafundisha walimu; lakini mauti yalimfika mwaka 1963 kabla hajaisimamisha tena shule ya msingi.

Najua mtaniuliza juu ya idadi. Tanzania ilipofuta ada kuanzia Januari 2016, watoto wengi mno waliingia madarasani, na hilo ni jambo la fahari. Lakini mzigo wake ulimwangukia mwalimu, ambaye katika shule nyingi husimama mbele ya watoto 100 na zaidi. Darasa hilo haliwezi kuwa Tomoe, na anayemlaumu mwalimu wake hamtendei insafu. Linaloweza kufanyika ni kipindi kimoja au viwili kwa juma ambamo orodha huandikwa ubaoni na mpangilio huachwa kwa watoto, waliokwisha kuelewa wakiwasaidia wengine kama ilivyokuwa juu ya mkeka wa chuo, na mwalimu, badala ya kupaza sauti, akapita kati yao akitazama. Serikali nayo isifikiri kwamba kipindi hicho kinaisamehe deni la kuajiri walimu.

Kwa upande wetu, hapa chuoni, kuna jambo lisilohitaji bajeti. Mwanafunzi wetu anapokwenda mazoezi ya kufundisha hupimwa kwa azimio la kazi, andalio la somo, sauti yake na mwandiko wake ubaoni, na hatuna hata alama moja kwa ajili ya yale anayoyajua juu ya mtoto. Napendekeza kwa Baraza la Kitivo kwamba kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi arudi na daftari la watoto watatu, mmoja mnyamavu, mmoja msumbufu na mmoja aliyewatangulia wenziwe, ambamo ameandika kwa muda wote wa mazoezi kila mmoja huanza na nini akipewa hiari, hukwama wapi, huuliza nini, na anajua nini alichokitoa nyumbani kwao ambacho mtaala hautaji. Daftari hilo lipewe robo ya alama za mazoezi, na lisomwe na mhadhiri, lisiachiwe msaidizi. Mapendekezo haya nimekwisha kuyaandika na kuyakabidhi, na madaftari ya kwanza niko tayari kuyasoma mwenyewe.