Kimya cha Seva Si Kifo Chake



Mhadhara nilioandaa awali ulihusu historia ya klasta, tangu kampuni ya Digital ilipotangaza VAXcluster mwaka 1983 hadi Pacemaker na Corosync tunazozitumia leo. Nimeuweka kando. Miezi michache iliyopita niliombwa kupitia mwongozo wa kufunga seva pacha kwa ajili ya taasisi moja, na ukurasa wa pili tu nikakuta agizo kwamba fundi azime stonithi kwa sababu ya hali ya umeme wetu. Walioandika ni watu makini. Wawili kati yao niliwafundisha mimi. Hoja yao wameieleza vizuri, na ndiyo maana siwezi kuinyamazia.

Kwa wageni wetu, nieleze kwa ufupi. Seva mbili zinatumia diski moja iliyo nje yao. Moja inafanya kazi, ya pili inasubiri. Kila sekunde zinatumiana ujumbe mdogo tunaouita mapigo ya moyo. Mapigo yakikoma, inayosubiri inachukua diski, inachukua anwani ya mtandao, inaendelea na huduma. Stonithi ni hatua inayotangulia kuchukua huko: kabla ya kugusa diski, seva inayorithi inamzima mwenzake kwa nguvu, kwa kumkatia umeme, na inasubiri uthibitisho kwamba kweli amezimika. Bila uthibitisho, hairithi. Mengine, wenzangu wa idara mnayajua.

Hoja ya mwongozo ule ni hii. Kikadi kinachopokea amri ya kuzima seva kinakula umeme uleule wa seva. Umeme ukikatika kwenye seva ya kwanza, kikadi nacho kinakufa. Seva ya pili inatuma amri, haijibiwi, inatuma tena, haijibiwi. Kwa kuwa haina uthibitisho, inagoma kurithi. Hapo mmenunua seva mbili ili huduma isisimame, na huduma imesimama huku seva ya pili ikiwa nzima kabisa. Zima stonithi, wanasema, na seva ya pili itachukua kazi mara moja.

Hali hiyo ni ya kweli, nimeiona kwa macho yangu. Ninachokataa ni dawa yake. Wanaichukulia seva isiyojibu kuwa seva iliyokufa, na sayansi yote ya klasta ilianza pale watu walipokubali kwamba huwezi kujua hivyo.

Fikirini watu wa pwani. Nahodha ametoka na jahazi, hajarudi, hakuna habari zake. Mwezi unapita, mwaka unapita. Mke wake hawezi kuolewa, mali yake haigawanywi, hadi kadhi atoe hukumu kwamba amekufa. Ndugu wanaweza kulalamika kwamba shamba linaota magugu na nyumba inavuja. Kadhi anajua kwamba akigawa mirathi kwa kimya peke yake, kuna siku mtu atashuka bandarini na kukuta nyumba yake ina mwenyewe mwingine. Hasara ya kusubiri anaijua ukubwa wake. Hasara ya mtu kurudi haina mwisho.

Seva hurudi. Hili ndilo mwongozo ule haukuligusa hata kwa mstari mmoja. Walidhani seva inanyamaza kwa sababu mbili tu: umeme umekatika, au kebo imechomoka. Mashine inaweza kunyamaza kwa sekunde 20 kwa sababu kerneli imekwama ikisubiri diski, au kwa sababu ni mashine pepe na mwenyeji wake ameisimamisha ili aihamishe. Kisha inaamka. Kwa mashine hiyo hakuna kilichotokea: haijui kwamba muda umepita, haijui kwamba mwenzake amekwisha kurithi. Mkononi ina bloku iliyokuwa inakaribia kuiandika, na inaiandika.

Nilikuwa fundi kijana katika hospitali moja, miaka ya mwanzo ya 2000. Tulikuwa na seva mbili na kasha moja la diski, mfumo wa mafaili ukiwa ext3, na mapigo ya moyo yakipita kwenye swichi moja tu. Stonithi hatukuwa nayo. Jumamosi moja mtu alibadilisha swichi ile. Kwa dakika chache seva hazikusikiana, na ya pili ikarithi kama tulivyoielekeza. Ya kwanza ilikuwa hai muda wote. Swichi mpya ilipowaka, zote mbili zilikuwa zimemaunti diski ileile, na zote mbili zilikuwa na anwani ileile. Dirisha la mapokezi likawa linaongea na moja, duka la dawa likawa linaongea na nyingine.

Mfumo kama ext3 umejengwa kwa imani kwamba mwenye diski ni mmoja. Orodha ya bloku zilizo wazi huisoma mara moja na kuikumbuka. Seva ya kwanza inakumbuka kwamba bloku fulani iko wazi, inamwandika humo mgonjwa. Seva ya pili nayo inakumbuka kwamba bloku hiyohiyo iko wazi, inaandika humo dawa zilizotoka. Hakuna anayepata kosa, na kwenye skrini kila kitu kiko sawa. Jumatatu asubuhi mama mfamasia aliniita dirishani, akanionyesha kadi mbili zenye namba moja, akaniuliza, "Mwanangu, dawa hii nimempa Asha yupi?"

Usiku ule niliendesha programu ya kukagua diski. Ikaniuliza, mstari baada ya mstari, juu ya bloku zinazodaiwa na mafaili mawili: nizinakili, ndiyo au hapana? Nilikaa mbele ya skrini ile hadi alfajiri nikijibu maswali ambayo sikuwa na haki ya kuyajibu. Kilichotuokoa ni daftari la kaunta la mama yule, aliloendelea kuliandika kwa kalamu kwa sababu hakuiamini kompyuta. Tulirudisha kumbukumbu kutoka humo kwa siku tisa. Tungezima huduma Jumamosi nzima, hospitali ingepoteza siku moja.

Wapinzani wangu watasema hiyo ni zamani, na swichi moja ni uzembe. Basi tuende kwa wenye fedha. Tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub walikuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao wa fiba pwani ya mashariki ya Marekani. Mawasiliano yakakatika kwa sekunde 43. Mfumo wao ulikuwa na akidi halali, na akidi hiyo ikachagua hifadhidata za pwani ya magharibi kuwa kuu. Lakini mashariki kulikuwa na maandishi ya sekunde zile za mwisho ambayo hayakuwa yamefika magharibi, na magharibi kulikwisha kuandikwa mapya. Hakuna upande uliokuwa na ukweli wote. Katika klasta mojawapo yenye shughuli nyingi, maandishi yaliyobaki upande mmoja yalikuwa 954. Sekunde 43 zilizaa saa 24 na dakika 11 za huduma yenye kasoro, kwa kuwa waliamua kulinda data kwanza. Nawaheshimu kwa uamuzi huo, na kwa kuandika wazi kila kilichotokea.

Haki inanitaka nitaje pia mkasa wao wa tarehe 22 Desemba 2012, ambao unaonekana kunipinga mimi. Walikuwa na seva za mafaili katika jozi, na stonithi imewashwa. Mtandao ukakwama kwa sekunde 90 hivi. Uliporudi, baadhi ya jozi zilikuta kila mmoja ameamua mwenzake amekufa, kila mmoja akatuma amri ya kuua, na zote mbili zikazimika. Nimeupima mkasa huu mara nyingi. Unanionyesha kwamba jozi isiyo na mpiga kura wa tatu ni hatari, na kwamba mmoja wa wawili lazima apewe sekunde chache za kuchelewa kufyatua. Haunionyeshi kwamba stonithi iondolewe. Jozi iliyozimika inawashwa tena. Bloku iliyoandikwa na wawili hairudi.

Sasa niruhusuni nimzungumzie Jim Gray, maana bila yeye nisingesimama hapa. Mwaka 1985, akiwa katika kampuni ya Tandem, aliandika ripoti ya kiufundi akiuliza kwa nini kompyuta husimama na nini kifanyike. Naisoma kila mwaka kabla ya muhula kuanza. Alikusanya taarifa za miezi saba kutoka mifumo zaidi ya 2,000, mashine zilizoundwa makusudi zisisimame, akahesabu kuharibika mara 166. Karibu theluthi aliziweka kando kama maradhi ya utotoni ya mitambo mipya. Katika zilizobaki, asilimia 42 zilitokana na usimamizi, yaani mikono ya watu. Programu zilichukua asilimia 25, na vifaa asilimia 18 tu.

Napenda ripoti ile kwa jinsi inavyosomeka. Gray hajifichi nyuma ya majedwali. Anakueleza amehesabu nini na nini hakikufika mezani kwake, na anakiri kwamba makosa ya waendeshaji huenda hayakuripotiwa yote. Kisha anapendekeza, kwa utulivu kabisa, kwamba mashine ikijishuku isimame mara moja kuliko kuendelea na kazi ikiwa na shaka. Sentensi zake ni fupi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaielewa, na profesa anaikuta na jambo jipya kila anaporudi.

Tarehe 28 Januari 2007 Gray alitoka peke yake kwa mashua kutoka San Francisco kuelekea visiwa vya Farallon, kuyatawanya majivu ya mama yake. Hakuonekana tena. Marafiki walipitia picha za setilaiti kwa maelfu wakiitafuta mashua. Mahakama ilisubiri miaka mitano ndipo ikamtangaza kuwa amefariki.

Asilimia ile 42 wapinzani wangu huitumia dhidi yangu: kama watu ndio wanaoangusha mifumo, kwa nini umwongezee fundi kitu kingine cha kusanidi? Swali hili ni zito kuliko lile la umeme. Klasta ni kazi zaidi, na taasisi yenye fundi mmoja mara nyingi ingefanya vyema kubaki na seva moja nzuri na nakala ya akiba iliyojaribiwa. Hilo nalikubali bila kinyongo. Lakini aliyekwisha kuamua kuwa na klasta ya diski ya pamoja hawezi kuchukua nusu yake na kuacha nusu inayolinda data. Ukizima stonithi, uamuzi wa nani yuko hai unamwachia fundi wa zamu saa tisa usiku, simu ikiita na mkubwa akiuliza mfumo utarudi saa ngapi. Hapo ndipo asilimia 42 zinapozaliwa.

Na umeme je? Dawa ipo, na bei yake haishindikani. Diski ya pamoja yenyewe inaweza kuwa mlinzi: ikiwa inaelewa maagizo ya SCSI-3 ya kuhodhi diski, seva inayorithi inaiambia diski isipokee tena maandishi ya mwenzake. Awe hai, awe amekwama, aamke lini, mlango umefungwa. Njia nyingine ni ya SBD, ambapo kila seva ina saa ya kifaa inayoihesabia: isipoweza kuifikia diski wala wenzake, saa inaizima. Anayerithi anasubiri muda huo uishe, ndipo anaingia. Hapa hakuna kikadi kinachohitaji umeme ili kujibu. Aliyekatikiwa umeme na aliyejizima wamefikia mahali pamoja. Kwa kura ya tatu, kompyuta ndogo yenye betri yake, nje ya rafu ya seva hizo na nje ya UPS yake, inatosha. Kisha akidi ni wawili kati ya watatu, na aliyebaki peke yake hana la kuamua.

Mwongozo ule nimeurudisha na kurasa nne za marekebisho. Waandishi wake wako ukumbini, na wamekubali tufanye jaribio pamoja katika maabara ya idara, chumba namba 12, kesho saa nne asubuhi. Seva mbili zitakuwa zinaandika. Tutachomoa kebo ya mapigo ya moyo kwanza, kisha tutaigandisha seva moja kwa sekunde 60 na kuiachia, kisha tutakata umeme wa nusu ya rafu. Mara ya kwanza stonithi ikiwa imezimwa, mara ya pili ikiwa imewashwa. Baada ya kila raundi tutaikagua diski mbele ya watu wote, na daftari la matokeo litakuwa mezani kwa yeyote anayetaka kulisaini.