Foleni Ndani ya Waya wa Simu

Ndugu wajumbe wa kamati za parokia, nanyi wafadhili wetu wapendwa, tumeombwa tueleze kwa nini hatujaleta ombi la fedha za kuongeza uwezo wa mtandao katika ofisi za parokia.

Waliokuwapo watakumbuka miaka ya modemu. Modemu nzuri iliandikwa kwenye boksi lake kasi ya biti 56,000 kwa sekunde. Kwenye waya mbovu wa simu hatukuiona kasi hiyo. Taarifa ikikwama tulibofya "tuma" tena, na tena. Mwaka mmoja mfadhili alipokea nakala nne za taarifa ya chekechea, ila ile ya kisima haikufika, na fedha za kisima zikasubiri robo nyingine. Tuliilaumu simu. Kumbe tulichangia wenyewe.

Jambo hili liliwapata hata wataalamu. Oktoba 1986 huko Marekani, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali wa yadi 400 hivi, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Arobaini! Barua ya ukurasa mmoja, yenye herufi 2,000, ingechukua karibu dakika saba. Waya haukukatika. Kompyuta zilipokosa jibu mapema zilidhani pakiti zimepotea, zikatuma nyingine, na foleni ikajaa nakala.

Van Jacobson wa maabara hiyo alichapisha dawa yake mwaka 1988. Kompyuta ianze na pakiti moja. Ikijibiwa kwamba imefika, itume mbili, halafu nne. Pakiti ikipotea, ijue njia imejaa, ipunguze mwendo, na isubiri zaidi kabla ya kurudia. Utaratibu huo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ungali ndani ya kompyuta na simu zetu. Lakini haumzuii karani anayebofya mara tano, maana kila akibofya anaanzisha safari mpya juu ya ile isiyokwisha.

Kwa hiyo robo hii tumeziomba ofisi zitume faili moja kwa wakati, picha zipunguzwe ukubwa kwanza, na taarifa za miradi ya maji zitangulie. Zikiendelea kuchelewa, ombi la fedha tutalileta mkutano ujao, tukiwa na ankara za mtandao mkononi.