Mhadhiri, Ijibu Ile Baruapepe

Msikilizaji, kijana aliyemaliza uzamili wa fizikia au kompyuta, ukimtajia shahada ya uzamivu, kwanza atakuuliza ada: nani atanilipia? Ana haki ya kuuliza, maana kwetu anayesomea uzamivu hudaiwa ada. Lakini Uholanzi na Norway, na mara nyingi Ujerumani pia, mtafiti wa uzamivu ni mwajiriwa. Ana mkataba, analipwa mshahara kila mwezi na anakatwa kodi. Nafasi yake hutangazwa kama ajira nyingine, na waombaji huitwa kwenye usaili.

Teknolojia ya kwanta ni uwanja mmojawapo wenye matangazo hayo. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulizindua mpango wa miaka 10 wa kuwekeza euro bilioni 1 katika utafiti wake. Wala hawasakwi wanafizikia peke yao. Kyubiti, vile vipashio vya taarifa ndani ya kompyuta ya kwanta, huvurugika upesi mno. Joto dogo tu linatosha kuharibu hesabu. Kuyagundua na kuyasahihisha makosa hayo kunahitaji watu wa hisabati na wa kompyuta. Wanahitajika pia kwenye usalama wa taarifa, kwani tangu 1994, Peter Shor alipoonyesha kwamba kompyuta hizo zitaweza kuvunja usimbaji unaolinda hata miamala ya benki, kazi ya kubuni usimbaji mpya imekuwa ikiendelea. Marekani ilitoa viwango vya kwanza vya usimbaji huo mpya Agosti 2024.

Na milango iko wazi kwetu. Nafasi za uzamivu za mpango wa Ulaya wa Marie Skłodowska-Curie hazibagui uraia. Sharti ni kwamba mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka 3 iliyopita. Kijana wa Mbeya ambaye hajawahi kupanda ndege ameshalitimiza.

Basi tunakwama wapi? Soma tangazo lenyewe: wasifu, barua ya maombi, hati za matokeo, na wadhamini wawili. Hapo kwenye wadhamini ndipo maombi mengi mazuri hufia. Chuo cha Ulaya humtumia mhadhiri aliyetajwa kuwa mdhamini baruapepe ya kuomba barua kuhusu mwombaji, na tarehe ya mwisho imeandikwa wazi. Mhadhiri ana madarasa yaliyofurika na rundo la mitihani ya kusahihisha. Najua, na namhurumia. Lakini siku ikipita, kijana ameondolewa bila kujua kwa nini. Wengine humwambia mwanafunzi, andika mwenyewe nitasaini. Matokeo yake ni barua inayosema huyu ni mchapakazi na mwaminifu, maneno ambayo kamati ya usaili haiwezi kuyafanyia kazi. Kamati inataka kujua alitatua tatizo gani kwenye tasnifu yake, na alipokwama alijikwamuaje.

Ni Ghana iliyowasilisha azimio Umoja wa Mataifa, na mwaka 2025 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Afrika iliyoiombea sayansi hii heshima hiyo isiwapoteze vijana wake kwa sababu ya barua ya ukurasa mmoja.

Wahadhiri wetu, fungueni baruapepe zenu leo. Kama kuna kijana anayesubiri udhamini wenu, mwandikieni kabla wiki haijaisha. Nanyi ofisi za mitihani, toeni hati za matokeo mapema.