Mafuta na Hewa: Wasaidizi wa Rubani



Watu wengi, waonapo ndege kubwa ikipita juu, huuliza jinsi chombo kizito namna ile kinavyoweza kukaa angani. Swali hilo ni jema, lakini liko jingine lisiloulizwa mara nyingi, nalo ndilo tutakalo kuzungumza nanyi leo: ndege ikiisha kupaa, humtiije rubani? Ndege ya abiria ya safari ndefu huweza kuwa na uzito wa tani 200 na zaidi, nayo huenda mwendo wa maili 500 na kitu kwa saa. Rubani ni mwanadamu mwenye mikono miwili kama sisi. Mkono ule wapata wapi nguvu ya kukigeuza chombo kile?

Kwanza yatupasa kujua rubani hugeuza nini. Nyuma ya mabawa na katika mkia wa ndege mna vibao vilivyotiwa bawaba, vichezavyo kama mlango katika mwimo wake. Kibao kilichosimama wima mkiani hufanya kazi kama usukani wa jahazi. Vile vilivyolala mkiani huinua pua ya ndege au huishusha. Vile vya mabawani huilaza ndege upande mmoja ipate kupinda. Katika ndege ndogo rubani huvivuta vibao hivyo kwa kamba za chuma zipitazo katika roda, na nguvu za mkono wake zatosha. Lakini ndege ikizidi ukubwa na mwendo, upepo hukisukuma kibao kwa nguvu nyingi, hata kukigeuza ni kama kufungua mlango ambao watu hamsini wameuegemea upande wa pili. Tena kuna magurudumu, ambayo hukunjwa tumboni mwa ndege baada ya kupaa na kuteremshwa kabla ya kutua, na kuna breki za kuuzuia uzito wote ule uendapo mbio kiwanjani. Kazi zote hizi zahitaji wasaidizi. Wasaidizi wenyewe ni wawili, mafuta na hewa.

Tabia za wasaidizi hawa hazifanani, na kila mmoja wenu aweza kuzijaribu nyumbani. Chukueni pampu kuukuu ya baiskeli. Vuteni mkono wake nje, zibeni tundu kwa kidole, kisha sukumeni. Mkono utaingia kidogo, na mkiuachilia utarudi nje, kana kwamba ndani mna kamani. Sasa ijazeni maji pampu ile ile, hakikisheni ya kuwa hewa yote imetoka, mkaizibe tena. Mkisukuma, mkono utasimama pale pale, ila kama maji yapata upenyo wa kutokea. Hewa hukubali kubanwa, maji hukataa. Mafuta nayo yana ukaidi ule ule wa maji, na ukaidi huo ndio uletao faida.

Mfaransa mmoja mwenye elimu, Blaise Pascal, aliyekufa mwaka 1662, alieleza ya kwamba kitu cha majimaji kilichofungiwa chomboni, kikisukumwa mahali pamoja, huupeleka msukumo ule kila upande bila kuupunguza. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipewa hati ya uvumbuzi kwa mashine ya kukandamiza iliyofanya kazi kwa kanuni hiyo. Tazameni hesabu yake. Tuna silinda mbili zilizounganishwa kwa bomba na kujazwa mafuta, na kila moja ina pistoni, yaani kizibo kiendacho mbele na nyuma. Uso wa pistoni ndogo ni inchi mraba 1, na wa kubwa ni inchi mraba 20. Tukiisukuma ndogo kwa ratli 10, kila inchi mraba ya ile kubwa hupata ratli 10 zile zile. Basi kubwa huinua ratli 200. Je, tumepata nguvu za bure? La. Ili kubwa ipande inchi 1, ndogo hapana budi ishuke inchi 20. Tulichokipata katika nguvu tumekilipa katika mwendo, kama alipavyo mtu ang'oaye jiwe kwa mtaimbo mrefu.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo ndani ya ndege. Mafuta hukaa katika tangi. Pampu izungushwayo na injini ya ndege yenyewe huyavuta na kuyasukuma katika mabomba membamba ya chuma yaendayo mabawani, mkiani na magurudumuni. Katika ndege nyingi kubwa msukumo wa mafuta hayo ni ratli 3,000 kwa kila inchi mraba, hali gurudumu la motokaa hujazwa hewa kwa ratli 30 hivi tu. Katika ndege ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilianza kuipokea mwaka 2014 na Air Tanzania mwaka 2018, msukumo ni ratli 5,000. Hata kwa zile ratli 3,000, pistoni yenye uso wa inchi mraba 10, isiyozidi kiganja cha mtu mzima, husukuma kwa ratli 30,000, yaani zaidi ya tani 13.

Basi rubani avutapo usukani wake, si yeye akisukumaye kibao. Kazi yake ni kufungua vali, yaani mlango mdogo wa mafuta. Na katika ndege nyingi za siku hizi hata amri ya kuifungua hupelekwa kwa umeme. Mafuta huingia upande mmoja wa pistoni, pistoni hukisukuma kibao, na mafuta ya upande wa pili hurudi tangini kwa bomba la marejeo, yakipita katika chujio yaache uchafu, kisha huanza safari upya. Mfano wake ni mkulima wa mfereji katika miteremko ya Kilimanjaro. Yeye hayabebi maji mgongoni kuyafikisha shambani. Hufungua kizuizi cha mfereji, na maji huenda yenyewe anakotaka.

Mafuta haya si ya kupikia wala ya taa. Katika ndege nyingi kubwa za abiria hutumika mafuta ya namna ya pekee, yenye rangi ya zambarau, yasiyoshika moto upesi, kwa sababu hupita karibu na breki na injini zenye joto kali. Lakini huwasha ngozi na macho, kwa hiyo fundi ayashikaye huvaa glavu na miwani. Jambo jingine fundi aliogopalo ni hewa kuingia katika mabomba ya mafuta. Madereva wa motokaa walijua jambo hili. Breki za mafuta zikiingia hewa, dereva hukanyaga na mguu ukazama bure, kwa kuwa nguvu zake zote huishia katika kuibana hewa ile, zisifike gurudumuni.

Hata hivyo tabia ya hewa ya kukubali kubanwa si kasoro mahali pote. Mafuta, kwa kuwa hayabaniki, hayawezi kuweka akiba ya nguvu, hewa yaweza. Kwa sababu hiyo ndege nyingi zina kopo imara la chuma lililogawanywa ndani kwa ukuta uchezao. Upande mmoja hutiwa mafuta, na upande wa pili hutiwa nitrojeni, gesi iliyo sehemu kubwa ya hewa tuivutayo puani. Pampu ifanyapo kazi, mafuta huibana gesi ile. Pampu ikisimama, gesi hujikunjua na kuyasukuma mafuta yaendelee na kazi. Kwa akiba hiyo rubani huweza kukanyaga breki mara kadhaa, ijapokuwa injini zimezimika. Wazee wetu walisema ya kuwa akiba haiozi.

Ziko ndege nyingine ambazo hewa iliyobanwa ilifanya kazi peke yake, bila mafuta. Ndege ya vita ya Waingereza iitwayo Spitfire, iliyopigana katika Vita Kuu ya Pili, ilitumia hewa kwa breki zake na kwa vibao vya kupunguza mwendo wakati wa kutua. Ndege ya Kidachi ya Fokker F27, ambayo shirika la East African Airways liliirusha katika miaka ya 1960 na 1970, ilikunja magurudumu yake na kufunga breki zake kwa hewa. Hewa ni nyepesi, haishiki moto, wala haihitaji bomba la marejeo. Ikiisha kazi huachwa iende zake. Lakini kwa kuwa hurudi nyuma kama kamani, haifai sana kwa kazi ya kukishika kibao kisitikisike.

Hewa ina kazi nyingine pia. Injini ya jeti huivuta hewa na kuibana kabla ya kuichanganya na mafuta ya kuwaka. Katika ndege nyingi sehemu ya hewa hiyo yenye joto huchukuliwa kwa mabomba. Nyingine huwashia injini ya pili. Nyingine hupasha moto kingo za mbele za mabawa ili barafu isigande. Nyingine hupozwa na kujazwa chumbani mwa abiria, kwani juu ya futi 35,000 hewa ya nje ni haba mno, na mtu aivutaye huzimia kwa muda mfupi. Boeing 787 tuliyoitaja hujaza chumba chake kwa pampu za umeme.

Haya, wasikilizaji, mmekwisha kuona jinsi rubani anavyowategemea wasaidizi hawa. Yafaa sasa tuulize: je, wakimwacha?

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa na mafuta ya injini ikiwa angani juu ya nchi ya Kanada, kwa sababu hesabu ya mafuta ilifanywa kwa ratli badala ya kilo. Injini zote mbili zilizimika, na pampu zake zikasimama. Lakini tumboni mwa ndege ile mlikuwa na kipanga kidogo kama kile cha kinu cha upepo. Kilishuka nje, upepo wa mwendo wa ndege ukakizungusha, nacho kikazungusha pampu ya mafuta ya kugeuzia vibao. Magurudumu yaliachiliwa yaanguke kwa uzito wake yenyewe. Ya nyuma yalikaza, la mbele halikukaza. Rubani Robert Pearson aliiteremsha ndege ile katika kiwanja cha zamani cha jeshi huko Gimli, ikitambaa kwa pua yake, na watu wote 69 waliokuwamo wakapona.

Habari ya pili ni nzito. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya United Airlines ilikuwa ikitoka Denver kwenda Chicago katika Marekani, yenye watu 296. Ndege hiyo ilikuwa na njia tatu za mafuta, kila moja ikijitegemea, kusudi moja ikiharibika zibaki mbili. Injini yake moja ilikuwa mkiani. Sahani kubwa ya chuma ndani ya injini hiyo, iliyokuwa na kasoro isiyoonekana na wakaguzi, ilipasuka ghafula, na vipande vyake vikaruka kama risasi. Njia zote tatu zilipita mkiani, na zote tatu zikavuja mpaka mafuta yakaisha. Rubani alivuta usukani, na vibao havikujibu neno.

Nahodha Alfred Haynes na wenzake hawakukata tamaa. Miongoni mwa abiria alikuwamo rubani mwalimu, Dennis Fitch, naye alikuja kuwasaidia. Wakabaki na injini mbili za mabawani tu. Walipoizidisha ya kushoto, ndege ilipinda kulia. Walipoizidisha ya kulia, ilipinda kushoto. Kwa njia hiyo, kwa zaidi ya dakika 40, waliielekeza mpaka kiwanja cha Sioux City. Ilipogusa nchi ilivunjika na kuwaka moto. Watu 112 walikufa. Watu 184 walipona, ambao wangepotea wote kama wale wanne wangekunja mikono.

Msiba huo uliwafundisha mafundi jambo ambalo yatupasa kulishika. Njia tatu zipitazo juu ya daraja moja ni tatu kwa jina tu. Daraja likivunjika, hakuna hata moja. Baada ya hapo ndege za DC-10 zilitiwa vali ya kufunga, ili mafuta yakianza kupungua katika njia moja, yale yaliyosalia yazuiliwe kabla hayajamwagika yote. Wachoraji wa ndege mpya nao walizidi kutazama, si hesabu ya njia peke yake, bali pia mahali kila njia inapopita.

Walimu mtusikilizao, lijaribuni jaribio la pampu pamoja na wanafunzi wenu, kwa hewa kwanza, kisha kwa maji, na kila mtoto asukume kwa mkono wake mwenyewe. Kisha waulizeni: rubani akitaka kushika kibao kisitikisike, amwite msaidizi yupi? Na akitaka kuweka akiba, amwite yupi? Mtoto akijibu maswali hayo mawili na kutoa sababu zake, amekwisha kuijua kazi iliyofichwa ndani ya bawa la ndege.

Kwaherini.