Damu Yetu Imekwenda Wapi?

Msikilizaji, mtajie kijana wa leo mumiani, atacheka. Mtajie bibi yake, usitegemee kicheko. Enzi za ukoloni, Mombasa, Dar es Salaam hata Nairobi, watu walisadiki kwamba wapo mumiani, wanaokamata binadamu usiku na kumtoa damu. Waliotiliwa shaka kuliko wote ni wazimamoto, watu wa serikali. Kwa hiyo mgeni akishuka kijijini na sindano na vichupa, akasema ametoka chuo kikuu, anakuta hadithi imemtangulia.

Kilifi, pwani ya Kenya, wanalijua hilo. Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, kipo pale tangu 1989, jirani na hospitali. Uvumi umekiandama: mara damu inauzwa, mara pana ibada ya shetani. Lakini watafiti wa hapo hapo walipowauliza wazazi wanaelewa nini kuhusu utafiti, lilijitokeza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko uvumi. Wengi walikiona kituo kama hospitali nzuri tu. Mtoto anaumwa, kuna daktari, kuna dawa, fomu inatiwa sahihi. Mzazi wa namna hiyo halalamiki, na ofisini watasema jamii inatuamini. Mimi siiti hiyo imani. Mama anayeuliza mililita tano za damu ni kiasi gani, akajibiwa kuwa ni kijiko kimoja cha chai, kisha akauliza kijiko hicho kinapelekwa wapi, huyo ndiye ameanza kuelewana na mtafiti.

Kituo kilikuja na mpango wa wawakilishi wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wakutane na watafiti na kufikisha maswali ya watu. Ni mpango mzuri. Ila popote penye mipango ya aina hii, mwakilishi akishazoea posho na chai ya mikutano, hachelewi kuwa msemaji wa ofisi kijijini badala ya msemaji wa kijiji ofisini.

Sasa tuje kwenye chanjo ya malaria, ile iitwayo RTS,S. Majaribio yake makubwa yalianza 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na Kilifi ilikuwamo. Watoto wa Kilifi walichomwa sindano na kutolewa damu, na wazazi wao wakapanga foleni ya kliniki mwezi baada ya mwezi. Septemba 2019 Kenya ikaanza kuitoa chanjo hiyo kwa watoto. Wapi? Homa Bay, na kaunti nyingine za magharibi. Kilifi haikuwamo.

Sababu ipo, tena ya maana: malaria imeshamiri zaidi kule kando ya Ziwa Victoria, na dozi za kuanzia zilikuwa chache. Naikubali. Lakini mjini Kilifi, mama ambaye mwanawe alikuwa kwenye majaribio anastahili kuambiwa sababu hiyo usoni, kabla hajaisikia chanjo ikizinduliwa kwingine redioni. Na aambiwe pia kwamba kinga yenyewe ni ya kadiri: kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote 4, vipindi vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 hivi katika miaka 4. Kuna wasomi wanaodhani hesabu hiyo itamchanganya. Mama anayenunua samaki kwa jumla alfajiri na kuwauza kwa mafungu jioni hachanganywi na asilimia.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo vyetu ni dogo. Utafiti ukiisha, itishwe baraza palepale damu ilipotolewa, majibu yasomwe kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, hata kama jibu ni kwamba dawa haikufua dafu. Na siku hiyo aje mtafiti mkuu mwenyewe, akae kwenye benchi, aulizwe. Asimtume dereva.