HOTUBA YA MWENYEKITI: KUPUNGUZWA KAZI NI MSIBA WA NYUMBA NZIMA



Kikundi chetu kimetimiza miaka 10. Habari za hisa, mikopo na faida zimo katika taarifa ya Mweka Hazina. Mimi nimeona niseme juu ya jambo lililopita karibu katika kila nyumba ya wanachama wetu, nalo ni watu kupunguzwa kazi. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo nitasema niliyoyaona kwa macho.

Morogoro yetu ilikuwa mji wa viwanda. Kulikuwa na viwanda vya viatu, ngozi, turubai, nguo na tumbaku, na vingi vilikuwa mali ya umma. Baadaye mashine zikachakaa, vipuri vikawa shida, mitumba na bidhaa za nje zikajaa sokoni. Miaka ya 1990 Serikali ikaanza kubinafsisha mashirika ya umma, karibu 400 nchi nzima. Mengine yakapata wenyewe wapya, mengine yakafungwa milango. Kama ilikuwa lazima au haikuwa lazima, hayo nawaachia wasomi. Mimi nasema ya nyumbani.

Mume wangu alipunguzwa mwaka 1996, katika kiwanda kimoja cha hapa mjini. Barua iliandikwa jina lake peke yake. Lakini jamani, barua ile tuliipokea sote. Wiki ile ile mwenye duka alifunga daftari la mkopo, maana alikuwa anatukopesha kwa kuutegemea mshahara. Zahanati ya kiwanda tukawa hatuna haki nayo tena. Waliokuwa wanakaa nyumba za kiwanda wakaambiwa wahame. Wakati huo ada ililipwa hata shule ya msingi, basi kuna nyumba watoto walirudishwa, na mara nyingi aliyeanza kubaki nyumbani ni binti.

Kiinua mgongo kilitoka. Watu waliona fedha nyingi kwa mara moja ambazo hawajapata kuziona. Ndugu wakaja na shida zao, bati zikanunuliwa, baiskeli ikanunuliwa, madeni yakalipwa. Kabla ya mwaka kwisha fedha zimekwisha, na mtu ana miaka 40, kazi anayoijua ni ya mashine moja tu ambayo haipo tena.

Hapo sisi akina mama tukaingia barabarani. Tukauza vitumbua, maandazi, mkaa, nyanya. Lakini angalieni ugumu wake. Tulioanza kuuza vitumbua tulikuwa wake za waliopunguzwa, na waliokuwa wanunuzi wetu ni hao hao waliopunguzwa. Mtaa mzima wauzaji, mnunuzi hayupo. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Akipunguzwa atajiajiri," mimi namuuliza, atamwuzia nani?

Na liko jambo lililoumiza kuliko njaa, nalo ni aibu. Wanaume walikaa kimya. Wengine waliaga asubuhi kama wanakwenda kazini. Wengine pombe ikawa ndiyo kazi. Mke naye anaficha ili mumewe asidharauliwe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kufiwa tunaambiana, tunachanga, tunalala matangani. Kupunguzwa kazi kila mtu analia chumbani kwake.

Haya si mambo ya zamani tu. Mwaka 2020, wakati wa Korona, watalii walipoacha kuja, watoto wetu waliokuwa mahotelini Zanzibar na Arusha walirudishwa nyumbani. Wenzetu kadhaa marejesho yakakwama. Mtakumbuka kikao kile. Wapo waliosema mkopo ni mkopo, fedha ni za wote, na hoja yao ilikuwa na uzito, maana na wao wana watoto. Wengine wakasema tukimbana mwenzetu leo, kesho atakwenda kuchukua mkopo wa kausha damu, alipe deni letu kwa deni kubwa zaidi. Tulibishana mpaka jua likazama. Tukakubaliana kuwapa miezi mitatu bila kulipa, na mfuko wa jamii ukatoa unga na mafuta kama tunavyofanya kwenye msiba. Hakuna hata mmoja aliyekimbia na deni. Kikundi hiki kilipona siku ile.

Kwa hiyo nina maneno matatu.

Kwanza, mwanachama ambaye yeye, mume au mtoto amepunguzwa kazi, aseme katika kikao cha wiki hiyo hiyo. Asisubiri mpaka tumfuate kwa marejesho. Akishasema ni zamu yetu, na habari ile isitoke nje kwenda kuwa umbea wa kisimani.

Pili, tujue haki zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao. Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi analipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Maana yake aliyetumikia miaka 10 ni siku 70, na wa miaka 20 kwa sheria ni siku zile zile 70, isipokuwa mkataba wake unasema zaidi. Basi someni mikataba kabla ya kutia sahihi. Anayeona ameachishwa kwa uonevu apeleke malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi wamekosa haki kwa kukaa kimya siku hizo zikapita. Na mwenye uanachama wa NSSF aulize fao la kukosa ajira.

Tatu, fedha ya kiinua mgongo ikiingia, isiguswe kwa haraka. Wekeni chakula cha miezi kadhaa na ada ya watoto kwanza. Biashara ianze kidogo, na iwe kitu ambacho jirani hakiuzi tayari.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni moja. Tusaidie tumpate afisa wa kazi aje hapa kila mwaka, atufafanulie sheria hizi kwa lugha ya kawaida, na waume zetu na vijana wetu waalikwe.

Akina mama, mshahara unaweza kukoma kwa karatasi moja. Ujirani wetu usikome hivyo. Miaka 10 tumeshikana mikono, tusiiachie.